Kumwaga maji ya maharage: tunapunguza gesi au tunamwaga chakula cha bakteria wa tumboni?

Jiko_la_Kigamboni

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa wanaolielewa jambo hili kwa undani.

Napanga chakula cha watu 6, wawili wana zaidi ya miaka 60. Maharage, adesi na dengu yatakuwa mezani mara 4 au 5 kwa wiki. Kila ninaposoma naambiwa mikunde ina prebiotiki, yaani kabohaidreti ambazo sisi hatuwezi kuzimeng'enya lakini bakteria wazuri wa utumbo mpana wanazila. Papo hapo naambiwa maharage yalowekwe na maji yamwagwe ili yasijaze gesi. Sasa kama kinacholeta gesi ndicho hicho hicho kinacholisha bakteria, nikimwaga maji si namwaga na faida yenyewe?

Vipimo vyangu ni hivi: gramu 500 za maharage makavu, maji lita 2, yanalala usiku mzima. Asubuhi namwaga, naweka maji mapya, nachemsha kama saa moja na nusu, kisha naunga kwa kitunguu, nyanya na tui la nazi. Nusu inaliwa siku hiyo na nusu ni kiporo cha kesho.

Ninachotaka kujua ni kipi kinaondoka na maji na kipi kinabaki kwenye punje, na kama kiporo kinabadilisha chochote. Pia, wazee wanaoanza kula mikunde kwa wingi waanzie na ipi?

---

Punje_na_Ganda

Mkuu, swali lako limegusa penyewe. Ndiyo, sukari zinazoleta gesi ndizo hizo hizo zinazoliwa na bakteria. Lakini siyo chakula chao pekee kilichomo kwenye maharage, wala siyo kingi kuliko vingine.

Anza na hizo sukari. Chukua sukari ya kawaida ya kwenye chai, sukrosi. Ukiibandika galaktosi moja unapata rafinosi, ukibandika mbili unapata stakiosi, ukibandika tatu unapata verbaskosi. Kiungo kinachoshika hizo galaktosi kinakatwa na kimeng'enya kinachoitwa alfa-galaktosidasi, na utumbo mwembamba wa binadamu hautengenezi kimeng'enya hicho. Kwa hiyo sukari zinapita zima zima hadi utumbo mpana, na huko bakteria wanacho. Wanazichachusha na kutoa asidi fupi za mafuta, yaani asetiki, propioniki na butiriki, pamoja na haidrojeni na kaboni dayoksaidi. Kwa baadhi ya watu hutoka na methani. Butiriki ndiyo nishati kuu ya seli zinazotandika ukuta wa utumbo mpana, na ndiyo sababu watu wa lishe wanaitaja sana. Gesi ni mabaki ya kazi hiyo hiyo.

Maharage makavu yana takriban gramu 3 hadi 4 za sukari hizi katika kila gramu 100, na sehemu kubwa ni stakiosi. Kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva, kama gramu 175, kinatokana na gramu 75 hivi za maharage makavu. Maana yake kama hujamwaga chochote, kikombe hicho kina takriban gramu 2.5 za sukari hizi.

Sasa linganisha na vilivyobaki. Gramu 100 za maharage yaliyoiva zina nyuzinyuzi kati ya gramu 6 na 8, na adesi na dengu zinakaribia 8. Kikombe kizima kinakupa zaidi ya gramu 10. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2023, linataka mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, kwa hiyo kikombe kimoja ni karibu nusu ya njia. Juu ya hapo kuna wanga sugu, ule wanga unaofika utumbo mpana bila kumeng'enywa. Hivi vyote viwili bakteria wanavila, ila polepole zaidi kuliko stakiosi, na kadiri kitu kinavyochachuka polepole ndivyo gesi inavyopata muda wa kufyonzwa na kutoka bila kulipanua tumbo.

Kuloweka usiku kucha na kumwaga maji kunaondoa kati ya robo na nusu ya sukari, kutegemea aina ya maharage, joto na wingi wa maji. Yaani unapoteza takriban gramu 1 kwa kikombe. Nyuzinyuzi karibu zote haziyeyuki kwenye maji baridi, zinabaki, na wanga nao unabaki. Kwa hiyo mwaga. Unaondoa sehemu ndogo ya chakula cha bakteria, ile inayochachuka kwa kasi kuliko zote, na sehemu kubwa inabaki kwenye punje.

Jambo ambalo wengi hawalioni ni la mchuzi. Moto wa jikoni hauvunji stakiosi kwa kiasi cha maana. Unaihamisha tu kutoka kwenye punje kwenda kwenye maji. Sisi maharage tunayala na mchuzi wake, na tui tunalimiminia humo humo, kwa hiyo kilichotoka kwenye punje wakati wa kuchemsha kinarudi kwenye sahani. Ukichemsha saa moja ya ziada ukidhani unapunguza gesi, hupunguzi kitu. Kinachopungua ni kile ulichomwaga. Kwa mzee anayesumbuliwa, chemsha dakika 10, mwaga maji hayo, weka mapya ya moto, endelea. Maji ya moto yasikose hapo: ukiweka ya baridi punje zinapoa ghafla na kuiva kunachelewa. Kwa wengine humo ndani usimwage mara ya pili, maana maji hayo yanaondoka pia na foleti, potasiamu na vitamini B1.

Kuhusu kuloweka kwenyewe: lita 2 kwa gramu 500 ndiyo kima cha chini, lita 2.5 ni bora. Kwa joto la Dar la nyuzijoto 30 usivuke masaa 8 kwenye maji yale yale. Ukiona povu jeupe pembeni na harufu ya kuchachuka, uchachu umeshaanza. Badilisha maji mara moja kabla ya kulala. Kwa Njombe au Mbeya masaa 12 hayana shida. Ukisahau kuloweka, chemsha maharage dakika 3, zima moto, funika, yaache saa 1 hadi 4, mwaga. Njia hii inatoa sukari vizuri, kwa sababu joto linafungua kuta za seli na sukari zinatoka haraka.

---

Kamande254

Naongezea kwa upande wa majina, kwa sababu watu hupewa ushauri wa mbegu moja wakaenda kununua nyingine. Huku Kenya ndengu ni ile ndogo ya kijani, ambayo Tanzania ni choroko. Dengu ya Tanzania ni ile punje yenye ncha kama mdomo wa ndege, *Cicer arietinum*, inayolimwa sana Kanda ya Ziwa na kusafirishwa India. Adesi ya pwani ndiyo kamande ya bara.

Hii si habari ya lugha tu, kwa sababu sukari zao zinatofautiana. Maharagwe na kunde: stakiosi ndiyo kubwa. Choroko na mbaazi: verbaskosi ni nyingi, ndiyo maana mtu anaweza kustahimili kunde lakini mbaazi za nazi zikamsumbua. Dengu ina siseritoli kwa wingi. Hiyo si ya ukoo wa rafinosi, lakini nayo imebeba galaktosi mbili zilizofungwa kwa kiungo kile kile. Adesi ina stakiosi, siseritoli na sorbitoli kidogo.

Na kwa mtu anayepika mahali pa juu kama Nairobi: maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi, si 100. Maharagwe mekundu makubwa yana sumu ya asili inayoitwa fitohemaglutinini. Punje 4 au 5 mbichi zinatosha kumfanya mtu atapike na kuharisha. Inavunjika kwa kuchemka kweli kweli, dakika 10 ni chini kabisa na 30 ni salama zaidi, hasa huku juu. Wanaotumia kikapu cha joto au sufuria ya umeme inayopika polepole wachemshe kwanza kwa moto mkali dakika 30 ndipo wahamishie huko. Joto la chini ya nyuzijoto 80 haliivunji sumu hiyo, na punje zinaweza kulainika mtu akadhani zimeiva.

---

Bizari_na_Iliki

Ahsanteni kwa maelezo. Mimi najua njia mbili ambazo hazijatajwa. Ya kwanza ni kukoboa: mbaazi au choroko zilizotolewa maganda na kupasuliwa huwa nyepesi tumboni. Ya pili ni magadi, kijiko cha chai kwenye sufuria, maharage yanaiva upesi na gesi inapungua. Au nakosea?

---

Punje_na_Ganda

Dada, kwenye kukoboa kuna sehemu ya kweli na sehemu ya kurekebisha. Ganda lina nyuzinyuzi ngumu na tanini. Ukilitoa punje inaiva haraka na tanini zinapungua. Lakini rafinosi na stakiosi zimo ndani ya mbegu yenyewe, si kwenye ganda. Ukipima gramu 100 za zilizokobolewa dhidi ya gramu 100 za nzima, zilizokobolewa zina sukari hizo *nyingi* zaidi, kwa sababu umeondoa uzito wa ganda. Halafu adesi nyekundu zilizopasuliwa watu hawaziloweki kabisa, zinaiva kwa dakika 15 hadi 20, kwa hiyo kila kilichomo kinaliwa. Ukitaka zipunguze gesi ziloweke saa 2, mwaga, suuza mara mbili. Zimepasuliwa tayari, kwa hiyo sukari inatoka upesi kuliko kwenye punje nzima.

Magadi yanafanya kazi, ila si kwa sababu inayosemwa. Punje ya maharage imejengwa kwa seli zilizogandishwa pamoja kwa pektini, gundi ya asili ya mimea, na pektini hiyo imekazwa na kalsiamu na magnesiamu. Magadi ni alkali, yanaivunja pektini, seli zinaachana, punje inalainika. Kuhusu gesi, faida inakuja ukiloweka kwa magadi na kumwaga, kwa sababu kuta zimelegea na sukari zinatoka zaidi. Ukiyatia wakati wa kuchemsha na kula mchuzi, sukari zote zimo.

Ila yana gharama zake. Vitamini B1 haivumilii alkali. Ladha inakuwa ya sabuni ukizidisha. Kubwa kuliko yote ni kwamba magadi ya asili ya maeneo ya kaskazini mwa Tanzania yanaweza kuwa na floraidi nyingi. Uhusiano wake na meno ya kahawia ya watoto wa Arusha na Kilimanjaro umechunguzwa na watafiti kwa miaka mingi. Nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka 8, ambaye meno yake ya ukubwani bado yanajengwa, isiyatumie.

Badala yake tumia chumvi ya kawaida kwenye maji ya kulowekea: gramu 15 kwa lita, yaani vijiko vya chai viwili na nusu. Sodiamu inachukua nafasi ya kalsiamu kwenye pektini, ganda linalainika bila kupasuka. Ukimwaga na kusuuza, chumvi kubwa inaondoka.

Nyanya, ukwaju na ndimu ni kinyume cha magadi. Asidi inakaza pektini. Ukitia nyanya kabla punje haijaiva unaweza kuchemsha masaa 3 na katikati bado kuna kitu kigumu. Subiri punje ikubonyee kati ya ulimi na kaakaa, ndipo uunge.

Na kama umefanya yote hayo punje zikakataa kulainika, tatizo ni stoo. Maharage yaliyokaa miezi mingi kwenye joto la zaidi ya nyuzijoto 30 na unyevu mwingi hubadilika ndani. Fitati, kemikali ya asili ya mbegu iliyokuwa imeshika kalsiamu na magnesiamu, inavunjika, madini hayo yanahamia kwenye pektini na kuifunga. Hakuna moto utakaoirudisha punje hiyo kwenye hali yake. Nunua ya msimu, ya kutosha miezi 2 au 3.

---

Jiko_la_Kigamboni

Nimeelewa vizuri suala la mchuzi, sikuwahi kuliwaza hivyo. Bado mawili. Kiporo je? Na kuhusu wazee, waanze na kiasi gani na mbegu ipi? Halafu naona choroko zilizochipuliwa zinasifiwa sana, zina faida hiyo hiyo?

---

Fundi_Wanga

Naomba nilichukue la kiporo.

Wanga wa mikunde una amilosi nyingi kuliko wa mahindi ya kawaida au wa mchele mwingi tunaokula. Amilosi ni mnyororo mrefu ulionyooka. Punje ikiiva, chembe za wanga zinavimba na minyororo inalegea, na hapo vimeng'enya vyetu vinaikata kwa urahisi. Chakula kikipoa, minyororo inajipanga ubavu kwa ubavu na kushikamana, na vimeng'enya vinakosa pa kushika. Huo ndio wanga sugu wa kiporo.

Ukipasha haupotei. Sehemu ya wanga yenye matawi, amilopektini, nayo hujipanga kidogo ikipoa, na hiyo inaachana tena kwenye nyuzijoto 50 hadi 60. Lakini amilosi iliyokwisha kushikamana inahitaji zaidi ya nyuzijoto 120, joto ambalo sufuria ya kawaida haifiki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Clemson, Marekani, walipima adesi: zilizotoka jikoni zilikuwa na wanga sugu karibu gramu 3 kwa kila 100, zikapoozwa zikafika karibu 5, zikapashwa na kiwango hakikushuka. Kwa hiyo kiporo chako cha kesho kina chakula cha bakteria kuliko maharage ya leo, na ongezeko hilo ni la aina inayochachuka polepole.

Ila kiporo kina adui, bakteria anayeitwa *Bacillus cereus*. Mbegu zake zinavumilia kuchemka, zinaamka chakula kikiwa vuguvugu, na sumu inayoleta kutapika haivunjiki ukipasha. Sufuria nzito ya maharage iliyofunikwa inaweza kubaki vuguvugu usiku kucha, na katikati ndiko kunakopoa mwisho. Fanya hivi: chota yanayobaki *kabla* ya kuunga, yatandaze kwenye chombo kipana kina kisizidi sentimita 5, kiweke chombo hicho ndani ya beseni la maji baridi, koroga mara mbili tatu, kisha yaingie kwenye friji ndani ya masaa 2 tangu yaepuliwe. Friji iwe nyuzijoto 4. Yale ndani ya siku 3, au yagandishe.

Nasema kabla ya kuunga kwa sababu tui la nazi linachacha mapema kuliko maharage yenyewe, na nyanya na vitunguu vinaongeza maji. Maharage matupu yanakaa vizuri, kesho unaunga upya na ladha inakuwa mpya. Yakipashwa yachemke yote, siyo pembeni tu.

Ambaye hana friji asiyaache mezani usiku kwa ajili ya kutafuta wanga sugu. Apike ya kutosha siku hiyo. Nyuzinyuzi anazo tayari.

Jambo moja kuhusu dengu. Unga wa dengu wa bajia na dengu nzima si kitu kimoja kwa bakteria. Dengu mbichi ikisagwa mashineni, kuta za seli zinapasuka na wanga unakuwa wazi, unamalizika kwenye utumbo mwembamba. Dengu ikichemshwa kwanza ndipo ipondwe, seli zinaachana zikiwa nzima, kama matofali yaliyotolewa udongo wa katikati, na kila seli inabaki na wanga wake ndani ya ukuta. Ukisugua rojo la dengu iliyopondwa kati ya vidole utahisi chengachenga laini kama mchanga wa ufukweni. Hizo ni seli. Kwa lengo la muuliza swali, dengu za kuponda baada ya kuiva zinashinda bajia kwa mbali.

---

Kamande254

Kwa wazee: waanze na kunde zile nyeupe zenye jicho jeusi. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa 2011, watu walikula nusu kikombe kila siku kwa wiki kadhaa. Wiki ya kwanza, chini ya nusu ya waliokula maharagwe walisema gesi imeongezeka, na kwa kunde ilikuwa asilimia 19 tu. Wiki zilivyosonga idadi ikashuka, na wengi walirudi kwenye hali yao ya kawaida bila kuacha kula.

Hilo la kushuka ndilo la kushika. Bakteria wa utumbo hubadilika kufuata chakula kinachokuja kila siku. Kikombe kizima mara moja kwa wiki ni mtindo mbaya kuliko vijiko vichache kila siku. Wiki ya kwanza vijiko 2 hadi 3 vya chakula vya kunde zilizoiva kwa siku, mchana si usiku, kwa sababu gesi hufika kileleni masaa kadhaa baada ya kula na hutaki imkute amelala. Wiki ya pili na ya tatu robo kikombe. Ya nne nusu kikombe, hapo changanya adesi, kisha maharagwe, mbaazi mwisho. Maji ya kunywa yaongezwe sambamba, la sivyo nyuzinyuzi zinaleta choo kigumu badala ya kukilainisha.

Kuchipua: mbegu inapoamka ndiyo yenyewe inatengeneza alfa-galaktosidasi na kula akiba yake. Sukari hizo ziliwekwa humo kuilinda ilipokuwa inakauka na kuipa nguvu ya kuanza. Loweka choroko masaa 8, mwaga, ziache kwenye chujio zimefunikwa kitambaa chenye unyevu, suuza mara 3 kwa siku. Kimea kikifika nusu sentimita, baada ya siku moja hivi, sukari zimepungua sana. Siku ya 2 hadi ya 3 zinabaki kidogo mno. Kwa hiyo choroko zilizochipuka ni chaguo la tumbo linalosumbua, lakini kwa upande wa stakiosi na verbaskosi umempa mmea chakula cha bakteria. Nyuzinyuzi bado zipo. Zipike, wazee wasizile mbichi, joto na unyevu wa kuchipua ni mzuri pia kwa bakteria wa salmonela.

---

Bizari_na_Iliki

Na vile vidonge vya kimeng'enya vinavyouzwa famasi? Vinaweza kutiwa sufuriani?

---

Punje_na_Ganda

Sufuriani hapana, joto la jikoni linakiua kimeng'enya. Ni alfa-galaktosidasi inayotokana na kuvu *Aspergillus niger*, na inamezwa na tonge la kwanza, si baada ya kula. Ikifanya kazi vizuri inavunja stakiosi huku juu, galaktosi na sukrosi zinafyonzwa, na bakteria hawazipati. Nyuzinyuzi na wanga sugu haviguswi. Mwenye galaktosemia, ugonjwa wa kurithi ambao mwili hauwezi kuitumia galaktosi, asitumie kabisa. Mwenye kisukari aulize daktari wake kwanza.

Bizari nyembamba, tangawizi na iliki hazivunji rafinosi. Zinaweza kumfanya mtu ajisikie nafuu tumboni, tia kwa ajili hiyo na kwa ladha.

Nirudi kwa muuliza swali, kuna kitu kwenye maelezo yako ya mwanzo. Unaunga kwa kitunguu. Kitunguu maji na kitunguu saumu vina fruktani, kabohaidreti nyingine inayochachuka kwa kasi, na ni ya ukoo mmoja na inulini. Ngano nayo ina fruktani. Kwa hiyo chapati na maharage yaliyoungwa kwa vitunguu vitatu ni vyanzo vitatu kwenye sahani moja, na lawama zote zinakwenda kwa maharage. Kama mzee analalamika, kabla ya kumwondolea maharage jaribu siku 4 za wali au ugali badala ya chapati, na uunge hivi: kaanga kitunguu kikubwa kikubwa kwenye mafuta mpaka kinukie, kiopoe chote, ndipo utie nyanya. Fruktani zinayeyuka kwenye maji, hazitoki kwenye mafuta, kwa hiyo harufu na ladha vinabaki na fruktani zinaondoka na vipande. Lazima kiopolewe *kabla* nyanya haijaingia, maana nyanya ina maji.

Na neno prebiotiki lenyewe litumike kwa uangalifu. Lilianzishwa 1995 na watafiti Gibson na Roberfroid, na maana inayotumika sasa ya 2017 inadai mambo matatu: kitu kitumiwe na vijidudu vya mwenyeji, kitumiwe kwa kuchagua, na kilete faida ya kiafya iliyothibitishwa. Ushahidi mzito zaidi uko kwa inulini, kwa jamaa zake wa minyororo mifupi, na kwa galakto-oligosakaridi zinazotengenezwa kutokana na sukari ya maziwa. Hizo za maziwa zina kiungo cha aina ya beta, za maharage ni alfa, na mtu asihamishe matokeo ya moja kwenda kwa nyingine. Stakiosi ya maharage inalisha bifidobakteria, hilo liko wazi, lakini ukiona pakiti ya adesi imeandikwa "prebiotiki" kwa herufi kubwa kwa bei mara mbili, adesi za sokoni zina kitu kile kile.

---

Jiko_la_Kigamboni

Nashukuru sana wakuu. Basi kwa wiki ijayo: kunde vijiko 3 mchana kwa wazee, chumvi gramu 15 kwa lita kwenye maji ya kulowekea, kumwaga na kusuuza, kiporo kinachotwa kabla ya kuunga. La mwisho kabisa: maharage ya kopo nikiyatumia siku ya haraka, ule ute wake niutumie kwenye mchuzi?

---

Fundi_Wanga

Kwa wazee wanaoanza, umwage. Maharage ya kopo yamekaa kwenye maji hayo tangu yalipopikwa kiwandani, na sukari nyingi zimehamia humo, pamoja na chumvi. Yamimine kwenye chujio, yaoshe kwa maji ya bomba mpaka yaache kutoa povu. Kwa watu ambao matumbo yao yameshazoea, ute wa dengu ya kopo unafaa kuutia mchuzi uzito, tia vijiko 3 hadi 4 vya chakula mwanzoni na upunguze chumvi yako.

Na mmoja wao akiona damu kwenye choo, akipungua uzito bila sababu au tumbo likimuuma hata siku ambazo hajala mikunde, hilo si suala la stakiosi tena, apelekwe hospitali.